Chumvi ya Bahari Kwenye Ugoro wa Magamba

Simu ya mkemia ilimkuta Inspekta Paskalina Mhina na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi na sweta mbili mwilini. Alikuwa mtu wa Muheza, na tangu aletwe Lushoto kupeleleza kifo cha Mzee Alphonce Shekiondo alikuwa hajaona sababu ya binadamu mwenye akili timamu kuishi kwa hiari yake mahali penye baridi ya namna ile.

"Ni dawa ya kabichi, siyo?" aliuliza Koplo Clemence, akijisogeza karibu na simu. Alikuwa ameshaamua.

"Kaa kimya usikie," Paskalina alisema, akaweka spika.

Koplo hakuwa peke yake katika uamuzi huo. Mji mzima ulikuwa umeshamhukumu Anord, kijana wa bustani wa marehemu. Mzee Alphonce alikuwa na tanuri la kuyeyusha betri chakavu huko Dar es Salaam. Alipochoka alimwachia mwanawe Kristian, akapanda milimani, akajenga nyumba kubwa Magamba na kuwa mzee wa kanisa. Kisha tumbo likaanza kumsokota, akaanza kusahau majina, mwisho akafa akitetemeka mwili mzima. Anord ndiye aliyekuwa akipulizia kabichi dawa, na aliwahi kujibizana na mzee mbele za watu. Ilitosha. Watu wa Kristian walimpiga hadi shavu likafunika jicho, ndipo polisi wakapigiwa simu wakamchukue. Sasa alikuwa mahabusu, nyuma ya ukuta ule ule uliokuwa ukisikiliza simu.

"Dawa ya kabichi haipo," alisema Salvatory, mkemia wa maabara ya Dar es Salaam. Alikuwa na sauti ya mtu anayeongea akiwa bado anaangalia kazi yake. "Haipo kwenye damu, haipo kwenye masalia ya chakula. Kijana wenu mwachieni."

"Kilichomuua ni nini?"

"Risasi. Si ya bunduki, Inspekta, ile metali inayowekwa ndani ya betri za magari. Damu yake ilijaa. Na haikuingia siku moja, imeingia kidogo kidogo kwa miezi."

"Mtu mwenyewe maisha yake yote alikuwa na tanuri la betri. Si aliivuta huko huko?"

"Nami nilianzia hapo. Lakini Dar alishaondoka miaka, na risasi ya zamani hujificha kwenye mifupa. Hii ilikuwa mpya. Na nimeikuta ilikokuwa inatoka. Ni kile kikopo chake cha ugoro."

Paskalina aliweka kikombe mezani. Kikopo kile alikuwa amekichukua mwenyewe kitandani kwa marehemu, kwa mazoea tu ya kukusanya kila kitu, na Clemence alikuwa amecheka.

"Nieleze polepole," alisema.

"Ndani ya ugoro kuna vumbi. Jepesi, lile linaloelea hewani, punje zake huwezi kuziona kwa macho. Nimeliweka chini ya hadubini. Punje moja ina risasi, antimoni na salfa, vyote vimeganda pamoja na masizi. Antimoni huchanganywa na risasi ya betri ili iwe ngumu. Salfa ni ya ile tindikali yake. Kwa hiyo ni moshi wa betri zilizoyeyushwa."

Clemence hakuweza kujizuia. "Kule stoo kwa mzee kuna betri za sola zimekufa. Tuliziona."

"Betri iliyolala stoo haitoi moshi," Salvatory alijibu. "Na hata kama mtu aliichoma huko huko Magamba, bado haielezi chumvi. Punje hizo hizo zina chumvi ya bahari."

"Ugoro huwekwa magadi," alisema Paskalina. "Na magadi yana chumvi. Bibi yangu alikuwa akisaga, najua."

"Nilijua ungesema hivyo. Chumvi ya magadi ipo, imekaa pembeni peke yake, mapande makubwa. Hii ninayosema imeshikana na masizi kwenye punje moja, tena ina magnesi, ambayo ya magadi haina. Moshi huo ulikutana na hewa ya pwani kabla haujatua. Hewa ya Magamba nimewahi kuipima pia. Ni vumbi jekundu la udongo na moshi wa kuni, basi. Bahari haijapanda huko."

"Pwani ni ndefu, Salvatory."

"Ni ndefu, lakini jiji hili tulilipima lote kwa utafiti mmoja, ripoti yake bado imelala kabatini. Tulitundika vichujio juu ya mapaa ya watu, mtaa kwa mtaa. Kando ya barabara kubwa tulipata shaba ya breki na zinki ya matairi. Penye majalala yanayochomwa, klorini ya plastiki. Uswahilini wanakopikia mkaa, potasiamu. Ila risasi na antimoni kwa kiasi hiki tulizipata mtaa mmoja tu. Kisarani."

"Kisarani kuna nini?"

"Kuna tanuri la Mzee Alphonce."

Clemence alipiga mluzi mdogo, akatamani kuurudisha alipoona jicho la bosi wake.

"Nimalizie," alisema Salvatory. "Kuna nyuzi za chandarua, za buluu, zilizopauka. Vumbi hilo lilikung'utwa kwenye chandarua. Na mkimtafuta mtu aliyekuwa akilitumia, mwangalieni fizi. Risasi ikizidi mwilini huacha mstari wa buluu pale jino linapoingilia. Mwangalieni na mikono, kifundo cha mkono hulegea."

Simu ilipokatika Paskalina alibaki akitazama ramani ya wilaya ukutani. Mtu alikuwa amekusanya hewa ya Kisarani, akaipandisha mlimani, akamrudishia mwenyewe puani. Hiyo haikuwa sumu ya hasira ya siku moja. Ilikuwa chuki iliyopikwa taratibu kwenye moto mdogo, na Paskalina, ambaye kazi ilikuwa imeshamkinaisha na wauaji wapumbavu, alijikuta anataka sana kumwona huyu.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa juu ya barabara, pale msitu wa Magamba unapoanza. Matanga yalikuwa bado hayajaanuliwa. Wanawake wa kanisa walikuwa wamekaa mkekani wakimenya viazi, na mjane, Mama Filomena, alikuwa katikati yao amejifunika khanga hadi mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mmekuja na jibu?"

Kabla Paskalina hajakaa, Kristian alishatokea mlangoni. Alikuwa na koti la ngozi na simu mbili, na tangu baba yake azikwe alikuwa akizungumza na polisi kama watu aliowaajiri.

"Yule mshenzi amekiri?"

"Hajakiri. Wala hatakiri, kwa sababu hakufanya. Leo anatoka."

"Anatoka anakwenda wapi? Inspekta, baba yangu ameuawa. Nataka mtu anyongwe. Sikilizeni vizuri, nataka anyongwe nikiwa hai nione."

"Nimekusikia. Mama, samahani, nitakuomba jambo la ajabu kidogo. Fungua mdomo."

Visu vya viazi vilisimama. Mama Filomena alimtazama, akaona hatanii, akafungua mdomo. Paskalina aliinama akachungulia kama anayechungulia chungu kujua kama wali umeiva. Fizi zilikuwa nyekundu, safi. Akamwomba anyooshe mikono mbele, na mikono ikanyooka bila shida. Mke na mume walikuwa wakila sufuria moja, kwa hiyo jikoni hapakuwa na kosa.

"Na wewe," alimwambia Kristian.

"Mimi naishi Dar, nimekuja msibani tu."

"Ndiyo maana."

Kristian alifungua mdomo kwa hasira. Fizi zake zilikuwa nzuri kama za tangazo la dawa ya meno. Mkuu wa tanuri zima, na moshi wake haukuwahi kumgusa. Ofisi yake ilikuwa mbali na bomba, upande ambako upepo ulitoka, na madirisha yake yalifungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Moshi wa namna hiyo unajua kuchagua watu, Paskalina aliwaza.

"Mkono wa mzee, mama. Ulikuwaje?"

"Wa kulia ulilegea. Akawa hawezi kuinua kikombe, kiganja kinaning'inia tu. Nilidhani kiharusi. Tuliombea sana."

"Ugoro wake alikuwa anapata wapi?"

"Kwa Mama Niko, anayeuza pale sokoni Lushoto. Mtu wa Mtae. Mzee hakutaka ule wa paketi, alisema wa paketi hujui umeshikwa na nani."

"Na wa huyo mama aliuamini kwa nini?"

Mama Filomena alishangaa kuulizwa. "Si ndiyo desturi ya wasagaji wa kule kwao? Hakupi ugoro kabla hajaunusa yeye mwenyewe mbele yako. Siku za gulio akimaliza kuuza alipanda mpaka hapa. Wanakaa pale barazani, ananusa yeye, kisha ananusa mzee. Mume wangu alikuwa akisema, mwanamke huyu hata angetaka hawezi kunidhuru, maana kila anachonipa kinapitia kwake kwanza."

"Walikuwa wanazungumza nini?"

"Hakuwa msemaji. Kuna siku alimuuliza mzee kama anapenda hewa ya huku. Mzee akamjibu anaipenda sana, ndiyo iliyomleta. Yule mama akasema, basi vuta. Tukacheka." Mjane aliweka chini kiazi na kisu.

"Mkamateni," alisema Kristian. "Mnangoja nini? Kamateni huyo mwanamke, na fedha ya wakili mzuri nitatoa mimi ili asichomoke. Nitaifuata kesi hii mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho kabisa?" Paskalina aliuliza.

"Mpaka mwisho."

"Haya," alisema, akaamka kutafuta viatu vyake.

*

Ilikuwa siku ya gulio. Soko la Lushoto lilijaa karoti, plamu na mafungu ya kabichi yaliyopangwa juu ya magunia, na wanawake walioshuka kutoka vijiji vya juu walikuwa wakiitana kwa Kishambaa kutoka upande hadi upande. Paskalina alikuwa amevua koti la kazi. Clemence alibaki kwenye karoti, akiuliza bei bila nia ya kununua, jambo alilolifanya vizuri kwa sababu ndivyo alivyokuwa siku zote.

Mama Niko alikaa mwisho wa safu, nyuma ya misokoto ya tumbaku na jiwe la kusagia. Alikuwa mwembamba, rika moja na Paskalina au pungufu kidogo, na kitenge chake kilikuwa kisafi kuliko cha jirani zake wote.

"Onga mshi," alisalimu Paskalina.

Mwanamke alimwitikia kwa Kishambaa, kisha akatabasamu. "Wewe ni Mbondei. Muheza?"

"Huko huko. Nimefuata ugoro. Nasikia wako unasifiwa hadi Magamba."

Tabasamu halikuondoka, ila lilikaa palepale bila kuongezeka, na Paskalina alipata muda wa kutosha kuona fizi. Mstari ulikuwepo, wa buluu, mwembamba, juu ya meno mazuri meupe.

Mama Niko alichukua kikopo, akafungua, akachota kidogo na kunusa yeye kwanza. Kisha akamsogezea mteja wake kikopo kwa mkono wa kushoto.

"Unanipa kwa kushoto, dada?" alisema Paskalina. "Bibi yangu angekutimua nyumbani kwake."

"Nisamehe. Wa kulia hauna nguvu." Aliutazama ulipokuwa umelala mapajani. Kiganja kilikuwa kimeinamia chini, na hakikujaribu hata kuinuka. "Tangu masika."

Paskalina hakukipokea kikopo. "Wanakuita Mama Niko. Niko yuko wapi?"

Mwanamke alifunga kifuniko kwa uangalifu, akakisukuma mpaka kikakaza.

"Wewe si mteja," alisema.

"Ni Inspekta Paskalina Mhina, wa upelelezi."

"Nilijua mtakuja. Ila nilidhani mtawahi. Mkaenda kumshika yule kijana wa bustani, na hilo limenikosesha raha. Mngempeleka mahakamani ningekuja mwenyewe. Nilikuwa nangoja kwanza mpime."

"Tupime nini?"

"Mmepima?" Mwanamke aliinama mbele, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na haraka. "Kile kikopo. Mmekipeleka kupimwa?"

"Kimepimwa."

Mama Niko alivuta pumzi ndefu akaishusha. Paskalina alishaona watuhumiwa wakilia, wakikimbia, na mmoja akijaribu kumeza shilingi. Huyu alionekana kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Jina lako la shule?"

"Dorkasi. Dorkasi Shemweta."

"Sikiliza, Dorkasi. Kuanzia sasa hulazimiki kusema lolote. Utakalosema nitaliandika, na litasomwa mahakamani."

"Litasomwa kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Basi kaa," alisema Dorkasi, akamsogezea kigoda.

Alisema bila kulia. Alikuwa amepanga chumba Kisarani, ukuta mmoja na tanuri, akiuza ugoro na maandazi. Moshi ulikuwa ukiingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, na asubuhi chandarua cha mtoto kilikuwa na vumbi la kijivu hadi vidole vinateleza. Nikodemo alikuwa mtoto mwerevu, kisha akaacha kuwa mwerevu. Alisahau herufi za alfabeti alizokuwa akizijua. Tumbo likamuuma. Watu wakasema ni minyoo, wengine wakasema amechezewa.

"Nilikwenda kila mahali kuomba waipime hewa ile. Hospitali, ofisi, kila penye bango. Nilibeba na vumbi lenyewe kwenye kikopo. Wakaniambia, mama, hewa haipimwi kwa ajili ya mtu mmoja. Mmoja akanicheka. Akaniuliza, sasa nikishapima vumbi lako unataka nikupe cheti?" Alikisugua kikopo kwa kidole gumba. "Niko amezikwa kule kule. Mimi nikarudi milimani. Jumapili moja nikaenda kanisani Magamba, nikamwona yule mzee, mwenye lile tanuri, amesimama mbele. Alikuwa ametoa mabati ya kanisa. Akasema anamshukuru Mungu kwa kumtoa kwenye moshi wa Dar na kumleta penye hewa safi. Watu wakasema amina. Na mimi nilisema amina, Inspekta, kwa sababu ndipo nilipojua nitakachofanya."

"Chandarua?"

"Nilikuwa nacho. Nilikung'uta chote. Kilipoisha nikarudi Kisarani, kuna vyandarua vingi kule."

"Duka la dawa za kilimo lile pale, naliona. Ungepata kitu cha kumuua usiku mmoja. Kwa nini uhangaike na vumbi?"

"Ningetumia dawa ya duka mngeandika amekula dawa ya duka, mkafunga jalada. Mimi sikutaka afe tu. Nilitaka apimwe. Mtu mkubwa kama yule akifa, lazima mtauliza kilichomuua ni nini, mtapasua, mtatafuta mpaka kwenye punje. Mwanangu mlikataa kumpima. Nikasema nitamwekea mzee kitu kile kile, na mtampima."

Paskalina aliuangalia tena mkono wa kulia uliolala mapajani.

"Ulikuwa ukinusa na wewe," alisema. "Kila alipokuwa akinusa. Unajua umejifanya nini?"

"Angekataa kama nisingenusa. Na hata asingekataa, mimi simpi mtu ugoro nisioupitisha kwangu." Alisema hivyo kwa ukali kidogo, kama aliyetukaniwa kazi yake. "Nilikuwa nikimtazama anavyovuta. Nilimchukia. Amekufa, na bado namchukia, wala sitakudanganya kwamba moyo wangu umetulia."

Paskalina alimwinua kwa mkono ule wa kushoto. Hakumfunga pingu. Clemence, aliyekuwa ameshasogea, alibeba jiwe la kusagia kama kielelezo, na njia nzima alilalamika kuwa ni zito.

*

Anord aliachiwa saa ile ile. Alitoka akiwa ameshika shavu, akamwuliza Paskalina kama kuna mtu atakayeshtakiwa kwa kumpiga. Paskalina alimwambia aje Jumatatu na majina, akamaanisha.

Kisha alimpigia Salvatory. Mkemia alisikiliza yote.

"Amekiri, vizuri," alisema. "Lakini ushahidi wangu hauwezi kusimama hivi. Wakili yeyote atauliza, unajuaje vumbi hili ni la Kisarani na si la mtaa mwingine? Nahitaji masizi kutoka ndani ya bomba la tanuri lenyewe. Nahitaji udongo wa mtaa, vumbi la vyandarua, na damu za wanaoishi pale. Za watoto kwanza. Nikivilinganisha na kikopo, hakuna wakili atakayenitikisa."

"Na majibu yote yataingia kwenye jalada?"

"Yataingia na kusomwa. Ni kesi ya mauaji."

Paskalina aliomba hati ya upekuzi wa tanuri. Halafu akakaa na Dorkasi katika chumba cha mahojiano, dirisha wazi, akaanza kuandika maelezo yake rasmi tangu siku aliyohamia Kisarani. Waliandika taratibu. Dorkasi alitaka kila jambo liwe mahali pake, na mara mbili alimrudisha Paskalina nyuma kwa kuwa alikuwa ameruka kitu.

Bado walikuwa katikati mlango ulipogongwa. Alikuwa Kristian. Koti la ngozi lilikuwa limeachwa, na simu zote mbili zilikuwa mfukoni.

"Inspekta, naomba tuongee nje."

"Ongea hapa. Huyu ndiye uliyekuwa ukimtaka."

Kristian alimtupia Dorkasi jicho la mara moja, akaliondoa. "Wamenipigia kutoka Dar. Wanasema polisi wanataka kuingia kiwandani, wakwangue bomba, wapime na watoto wa watu mtaani. Hilo linahusiana nini na kifo cha baba?"

"Linahusiana sana. Ndicho kilichomuua."

"Tumekaa kama familia," alisema Kristian, na sauti yake ilikuwa imepata upole wa ghafla, wa kanisani. "Mama amelia sana. Tumeona kulipiza kisasi hakutamrudisha mzee. Sisi ni watu wa imani, tumesamehe. Andika ni kiharusi, mbona dalili zote zilikuwa za kiharusi? Mama mwenyewe atasema hivyo. Huyu arudi kwao Mtae. Hata ule mkono wake, nitagharamia matibabu hospitali yoyote anayotaka."

Asubuhi ile mtu huyu alikuwa anataka kuona kamba shingoni mwa mtu. Paskalina alitamani kumtoa nje kwa ukosi. Lakini alimtazama na mwanamke aliyekaa mbele yake, fizi zile, mkono ule, na akajua kwamba hili lilikuwa pendekezo la kweli. Jalada likiandikwa kiharusi, hakuna atakayelifungua tena. Mwanamke huyu angetibiwa. Angeishi. Haikuwa haki yake yeye Paskalina kumkatalia bila mwenyewe kusikia.

"Mwambie mwenyewe," alisema.

Kristian alisogea hatua moja mezani. "Mama, tumekusamehe. Nenda nyumbani."

Dorkasi alimwuliza Paskalina, "Nikienda nyumbani, lile bomba watalipima?"

"Hapana. Pasipo kesi sina sababu ya kuingia pale. Hati itafutwa."

"Na nikibaki?"

"Wataingia kesho asubuhi."

"Na mimi?"

"Wewe utashtakiwa kwa mauaji, Dorkasi. Unaijua adhabu yake. Sitakufichia."

Nje mtu alikuwa akishusha magunia kwenye lori na kuhesabu kwa sauti. Dorkasi alimgeukia Kristian, akamtazama kwa muda, kama anayetafuta sura ya baba yake humo ndani akaipata.

"Mmenisamehe, nimeshukuru," alisema. "Mimi sijawasamehe."

Kisha akamrudia Paskalina na kuweka mkono wa kushoto juu ya meza.

"Andika, afande. Tulikuwa tumefika pale Niko alipoanza degedege."